Ndege ya Plastiki Inapogoma: Dalili na Chanzo Chake kwenye Hewa ya Tanga

Karatasi ya maelekezo iliyomo kwenye boksi la ndege ya plastiki, ile ndogo ya kuunga mwenyewe kipande kwa kipande, imeandikiwa mtu wa ng'ambo, aliyekaa kwenye chumba kikavu na dirisha kalifunga kwa baridi. Haijui masika ya Tanga. Haijui kwamba mwezi wa nne ukiacha daftari mezani usiku kucha pale Raskazone, asubuhi unakuta kurasa zimejikunja kwa unyevu. Ukifuata maelekezo yale neno kwa neno na kazi ikaharibika, kabla ya kulaumu mkono wako angalia kwanza hewa.

Jambo jingine la kushika mapema ni kwamba kwenye kazi hii tatizo huonekana mahali pamoja, na chanzo chake kiko hatua mbili au tatu nyuma. Rangi inabanduka, kumbe plastiki haikuoshwa. Stika inameta vibaya, kumbe mkosaji ni rangi iliyo chini yake. Kwa hiyo kila dalili tutaifuata kwa kurudi nyuma, sio kwa kuipaka kitu kingine juu.

Mifano mingi nitaitoa kwenye DHC-6 Twin Otter ya kipimo cha 1/72, seti iliyotolewa zamani na kampuni ya Matchbox na baadaye kampuni ya Revell wakaitoa tena. Ni ndege ya kwetu kwa namna fulani: Air Tanzania, iliyoanzishwa 1977 baada ya kufa kwa East African Airways, iliwahi kuzirusha, na ni ndege iliyoundwa kwa viwanja vifupi vya aina tulizonazo. Ndege halisi ina mabawa ya mita 19.8 toka ncha hadi ncha. Gawa kwa 72 unapata sentimita 27.5, kiasi cha kukaa kwenye rafu ya sebuleni bila kugombana na mwenye sebule.

"Gundi haishiki"

Gundi ya plastiki haibandiki. Inayeyusha polistairini, yaani ile plastiki ya seti yenyewe, ya pande zote mbili, zinaungana, kisha kiyeyushi kinaruka na kuacha plastiki moja. Ikikataa, maana yake haijaifikia plastiki. Je, umepaka rangi kwenye midomo ya maungio? Kwangua kwa wembe mpaka uone plastiki yenyewe. Je, uliosha fremu, ile miti ya plastiki iliyoshika vipande, kabla ya kuvikata? Kiwandani hupaka dawa ya kufanya plastiki itoke kirahisi kwenye kalibu, na mabaki yake huwa bado yapo. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani, suuza, anika kivulini.

Kama yote hayo umefanya, angalia juu ya kichwa chako: pangaboi linazunguka? Gundi ile nyepesi ya majimaji hutegemea kunyonywa na ufa wa maungio. Kwenye joto letu, tena na upepo wa feni, inaruka kabla haijapenya. Zima feni, paka sentimita mbili tatu, bana, kisha songa mbele. Fungua dirisha lakini, maana mvuke wake si wa kuvuta.

Supaglu ni kinyume chake. Hiyo hukazwa na unyevu, kwa hiyo huku pwani inakamata kabla hujanyoosha kipande. Usiimwage toka kwenye chupa. Chovya ncha ya kijiti cha meno na weka tone pale tu panapohitajika.

"Nilisaga maungio yakawa laini, sasa mstari umerudi"

Hili ndilo linalowavunja watu moyo kuliko yote, kwa sababu linajitokeza wiki kadhaa baadaye, ndege ikiwa imeshapakwa rangi na imeshapigwa picha. Mstari mwembamba unatokea juu ya mgongo wa ndege, toka kioo cha mbele mpaka mkiani, pale nusu mbili za kiwiliwili zilipokutana.

Chanzo cha kwanza ni haraka. Uso wa maungio unaweza kuwa mgumu kwa kucha wakati ndani bado ni laini. Ukisaga hapo unasawazisha plastiki iliyovimba; kiyeyushi kikimaliza kutoka inanywea, na ufa unazama. Kadiri ulivyomwaga gundi nyingi ndivyo inavyochukua muda. Mimi kiwiliwili naunga Ijumaa, na msasa siugusi mpaka Ijumaa nyingine. Wapo wanaoona ni kuchelewa mno, nami nawaachia mistari yao.

Chanzo cha pili ni kijazio. Puti ya tyubu inayokauka kwa hewa hupungua, na tabaka nene hupungua zaidi. Jaza kidogo, subiri, jaza tena. Puti ya magari, ile ya kuchanganya na dawa yake nyekundu, haipungui sana kwa kuwa inakauka kwa kemikali, na kwenye gereji yoyote ya kunyoosha bodi utauziwa ya kukutosha mwaka mzima. Shida yake ni kwamba ndani yake mna stairini, ambayo hulainisha plastiki yetu. Itumie kwa tabaka jembamba na usizibie shimo kubwa kwa mkupuo mmoja.

Kwa nyufa ndogo, supaglu na poda ya watoto ni mchanganyiko mzuri: inakuwa ngumu, haipungui, na bado inasagika. Wengine hutumia magadi ya kuokea badala ya poda. Hayo yanakaza papo hapo, lakini yakilala usiku yanakuwa magumu kuliko plastiki iliyo pembeni, na msasa unachimba plastiki huku kijazio kikibaki kimesimama. Ukiyatumia, saga saa hiyohiyo.

Na kuna mwanya ambao haustahili puti kabisa. Bawa la Twin Otter hukaa juu ya kiwiliwili. Kama pembeni pana nafasi, mara nyingi kiwiliwili kimebonyea ndani. Kata kipande cha fremu, kikaze ndani kitanue kuta, jaribu tena bila gundi. Mwanya mwingi huisha hapo.

"Bawa limepinda"

Polistairini hulainika ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, lakini kipande chembamba kilichobanwa na uzito hupinda mapema kuliko hapo, na boksi lililosafiri kwenye buti la basi au kulala dirishani juani limeshapata nafasi hiyo. Tumbukiza bawa kwenye maji ya moto yasiyochemka, linyooshe taratibu kwa vidole, kisha lihamishie kwenye maji baridi ukiwa bado umelishikilia. Rudia badala ya kulazimisha.

"Madirisha yamepata ukungu kwa ndani"

Ukungu mweupe kwenye plastiki angavu ni mvuke wa supaglu. Unapotoka kwenye tone unakutana na unyevu wa hewani, unakauka hukohuko na kutua kwenye kioo. Hewa ikiwa nyevu, ukungu unakuwa mzito. Supaglu yenyewe ilianzia hapo kwenye vioo: wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia Harry Coover na wenzake wa Eastman Kodak walikuwa wakitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki, wakapata kitu kinachonata kila mahali, wakakiweka pembeni.

Kwenye Twin Otter shida inakuwa kubwa, kwani madirisha ya abiria yamepangana pande zote mbili na huwekwa kwa ndani kabla ya kufunga kiwiliwili. Ukiisha kufunga, hufikii tena. Na sio lazima supaglu iwe ya madirisha yenyewe. Inaweza kuwa tone ulilotumia kushikiza viti au uzito wa puani, ukafunga ndege siku hiyohiyo na mvuke ukakosa pa kutokea. Kwa hiyo ukiona ukungu kwenye madirisha yote sawasawa, usiulize ulibandika vipi madirisha, uliza nini kilikuwa kibichi ndani ulipofunga.

Kinga ni gundi nyeupe ya maji, ile ya shule na ya mbao. Inakauka ikawa angavu, na ikichafua unafuta kwa pamba yenye maji. Tiba, kama kioo bado unakifikia: kisugue kwa dawa ya meno kwenye kitambaa laini, kioshe, kisha kichovye kwenye vanishi ya akriliki inayong'aa na ukisimamishe kwenye karatasi ya chooni inyonye ziada. Kama ndege imeshafungwa, toboa madirisha kwa uangalifu, na mahali pake weka tone la gundi nyeupe lililotandazwa kwa kijiti. Madirisha ya abiria kwenye 1/72 ni madogo, gundi inajitanda yenyewe na kukauka kama kioo. Wallahi hayatofautiani sana na ya seti.

"Kipande nilichojitengenezea kinabanduka"

Hapa tumeingia kwenye kubadilisha ndege, na ndipo pazuri zaidi. Twin Otter za mwanzo zilikuwa na pua fupi, za Series 300 zina pua ndefu. Mtu akitaka nyingine tofauti na iliyo kwenye boksi lazima achonge. Mwingine anataka kukata mlango wa mizigo auache wazi. Plastiki bapa ya kununuliwa huku haipatikani kwa urahisi, kwa hiyo watu hukata makopo, na makopo hayalingani.

Geuza kopo uangalie pembetatu yenye namba. Namba 6 ni polistairini, ndugu wa ndege yako, na gundi ya plastiki itaiyeyusha vizuri. Vikombe vingi vya mtindi na vifuniko vya vikombe vya kahawa ni hiyo. Namba 1 ni ya chupa za maji: gundi ya plastiki haiigusi, supaglu itaishika kiasi. Namba 5, ya vyombo vya chakula na ndoo, haishikwi na gundi yoyote ya mezani kwako, iache. Kama namba haionekani, weka tone la gundi ya plastiki juu ya kipande. Kikilainika, endelea, tone likikauka bila kuacha alama, tafuta kopo jingine.

"Rangi imekuwa nyeupe kama maziwa"

Umepuliza vanishi au rangi ya kopo, ilikuwa safi, ukageuka kidogo, ukirudi imeota weupe. Hakuna kilichoharibika kwenye kopo. Kiyeyushi kinaporuka kinachukua joto, uso unapoa ghafla. Hewa yetu wakati wa mvua iko jirani sana na kiwango cha kutoa umande, kwa hiyo kupoa kwa nyuzi chache tu kunatosha: unyevu unatua ndani ya rangi ambayo haijakaza, na umenasa humo. Kopo lenyewe linaongeza tatizo, maana gesi inayotoka inapoa pia. Lishike baada ya kupuliza utaona.

Ukiona weupe, usipulize rangi nyingine nzito juu yake. Subiri siku kavu, kisha puliza ukungu mwepesi wa thina inayokauka polepole, au vanishi ileile kwa tabaka jembamba sana. Inafungua uso, unyevu unatoka, uangavu unarudi. Ikishindikana, ni msasa namba 1000 na maji, na kuanza upya.

Kinga ni saa na majira. Kaskazi ndio wakati wa kupuliza, Januari na Februari hasa. Wakati wa masika subiri siku ambayo mvua imekata, na fanya kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana, umande ukiwa umeshakauka. Kopo liloweshe kwanza kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, sio ya moto, kwani makopo haya hayatakiwi kuzidi nyuzi 50. Tabaka nyembamba nyembamba. Anayekaa Chumbageni mwenye kiyoyozi chumbani ana bahati, kwa sababu kiyoyozi hukausha hewa. Akiwashe kabla, akizime wakati wa kupuliza ili mvuke usizunguke naye humo ndani, afungue baadaye.

Rangi ya mafuta inayobaki inanata siku nyingi ni jambo tofauti. Hiyo hukauka kwa kula oksijeni. Usiifungie kwenye kontena ukidhani unaikinga na unyevu; inahitaji hewa inayopita.

"Rangi ina chengachenga" na "brashi imeacha mistari"

Chanzo cha zote mbili ni rangi kukauka mapema mno. Kwenye kopo umesimama mbali, matone yanafika yakiwa makavu nusu. Sogea hadi kama sentimita ishirini. Kwenye brashi, akriliki, yaani rangi ya maji, inakaza huku bado unaitandaza: weka rangi kwenye sponji lenye maji lililofunikwa karatasi ya kuokea badala ya kifuniko kikavu, pita mara moja, usirudi nyuma. Mbu akitua kwenye rangi mbichi mwache. Akikauka anasagika, ukimtoa sasa hivi atakuachia miguu yake na alama ya kidole chako.

"Plastiki imepasukapasuka chini ya rangi"

Umetumia rangi ya magari, au thina ya magari kwenye rangi ya kawaida. Thina ile kali inakula polistairini. Haitengenezeki isipokuwa kwa kusaga hadi chini. Siku nyingine jaribu kwanza kwenye fremu tupu, na kama huna rangi nyingine, anza na praima inayofaa plastiki kwa matabaka mepesi mepesi. Kwa sababu hiyohiyo dawa ya kuondolea rangi ya kucha isikaribie ndege, maana nyingi ni asetoni. Ukitaka kuvua rangi, spiriti hulainisha akriliki, na oili ya breki huvua rangi ya mafuta bila kudhuru plastiki. Vaa glavu.

"Tepu imeondoka na rangi"

Waja leo waondoka leo, lakini hayo yasemwe kwa wageni wa Tanga, sio kwa rangi. Chanzo ni plastiki isiyooshwa, au vidole vyenye mafuta, hasa baada ya kula samaki wa kukaanga ukarudi kazini. Au hukupaka praima. Tepu nayo iguse kwanza kiganja ili ipungue ukali, na usiiache ikalala na joto la usiku.

"Stika zinameta kama kuna hewa chini yake"

Kuna hewa kweli. Rangi isiyong'aa ina uso wenye vishimo vidogovidogo, stika ya maji inakaa juu ya ncha zake, na hewa inabaki chini. Kwa hiyo kabla ya stika paka vanishi inayong'aa, hata kama mwisho unataka ndege isiyong'aa. Weka stika, kausha, kisha ndipo vanishi ya kufifisha. Kama zimeshameta hivyo, toboa kwa ncha ya sindano sehemu inayometa, weka dawa ya kulainisha stika, iache inyonywe.

Seti ya zamani ina matatizo yake. Stika zilizogeuka njano zibandike dirishani ukiwa umezifunga kwenye mfuko angavu, zitazame jua. Jua letu hurudisha weupe ndani ya siku chache. Zinazokatikakatika majini, zipulize vanishi na ziache zikauke kabla ya kuzilowesha, kisha kata kila moja karibu na mchoro wake. Maji ya kisima yenye chumvi huacha alama nyeupe pembeni. Tumia ya mvua.

Anayetaka usajili wa Tanzania, herufi zinazoanza na 5H, au twiga wa Air Tanzania, atachapisha mwenyewe kwenye karatasi ya stika. Mambo mawili huwakwamisha watu. Wino wa printa ya wino hutoka majini usipozibwa kwa vanishi kabla. Na printa haichapishi nyeupe: njano ya bendera ikiwekwa juu ya rangi nyeusi au ya buluu inapotea. Paka nyeupe chini yake kwanza, au chapisha kwenye karatasi ya stika iliyo nyeupe.

"Inakaa mkia"

Ndege ya zamani ya Dakota hukaa mkia kwa haki yake, iliundwa hivyo. Twin Otter ina gurudumu la pua, na ikiinua pua juu ni kwamba uzito wa mbele haukutosha. Chanzo kiko siku ya kufunga kiwiliwili, na ndiyo maana jaribio hufanywa siku hiyo: shikiza ndege nzima kwa tepu, mabawa na mkia vikiwemo, ilaze juu ya penseli pale magurudumu makubwa yatakapokuwa, kisha ongeza uzito puani mpaka ielekee mbele. Ongeza kidogo tena, kwa ajili ya rangi na puti utakazoweka nyuma. Kadiri uzito unavyokaa mbele ndivyo kidogo kinavyofanya kazi kubwa.

Chubwi za mshipi, zile za madini ya risasi, zinafaa sana na zinauzwa popote wavuvi wanaponunua vifaa. Usizishikize kwa gundi nyeupe. Asidi iliyomo hula risasi taratibu, kinachozaliwa huvimba, na baada ya miaka pua hupasuka kutoka ndani. Tumia epoksi, na osha mikono ukimaliza kushika risasi.

Kama umeshafunga, toboa tundu ndani ya shimo la gurudumu la pua, ambako hapaonekani, na usukumie humo vipande vidogo vya chubwi na epoksi, ndege ikiwa imesimama kwa pua.

"Uzi wa antena umelegea"

Tanga ni mji wa mkonge, na nyuzi za katani ni nyembamba, kwa hiyo mtu huvutika kuzitumia. Zinanyonya unyevu: asubuhi zimelegea, mchana zimekaza, mpaka siku moja zinang'oa nguzo. Vuta uzi wako mwenyewe kutoka kwenye kipande cha fremu kilichopashwa juu ya mshumaa. Kikilainika kiondoe motoni na uvute pande mbili. Ubandike kwa tone dogo la supaglu kila ncha. Ukilegea, washa kijiti cha udi, kizime mwali kibaki kaa, na kipitishe chini ya uzi bila kuugusa. Utajikaza. Ukisogea mno utakatika, uvute mwingine.